Impakti draiva kwa mara ya kwanza: maswali ambayo watu wa Amu (Lamu) huuliza mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa karakanani, barazani na gatini, kutoka kwa watu walionunua impakti, mashine ya betri ya kukazia na kufungulia skrubu, au kuazimwa na bado hawajaizoea. Majibu yamefuata kazi za huku kwetu: mbao ngumu, kuta za matumbawe, hewa ya chumvi. Mwenye haraka asome swali la triga, kile kitufe cha kidole (skrubu inayozama), na lile la biti, ile ncha inayoingia kichwani mwa skrubu (biti inayoruka). Mengine atayarudia akipata nafasi.

Impakti ina tofauti gani na drili ya betri ya kawaida?

Ukiziweka pamoja mezani, impakti ndiyo fupi. Haina ile chaki, yaani kichwa cha kushikia biti, ya taya tatu ya kufunga kwa kuzungusha. Mbele ina tundu la pembe sita la robo inchi, yaani milimita 6.35, na pete unayoivuta ukaingiza biti.

Tofauti kubwa imo ndani. Drili huzungusha mfululizo, na skrubu ikikaza, nguvu ile hukurudia wewe, kifundo cha mkono kikasokotwa. Impakti huanza vivyo hivyo, ila ikikutana na ugumu, nyundo ndogo iliyomo ndani hurudi nyuma ikibana springi, kisha huachiliwa ikaipiga fuawe kwa upande. Jambo hilo hutokea mara elfu tatu au zaidi kwa dakika moja. Mapigo ni ya kuzungusha, hayasukumi mbele, wala mkono wako hausokotwi. Ile sauti ya "tatatata" inayowashtua wageni ndiyo hiyo nyundo. Mashine haijaharibika.

Kwa nguvu, drili nyingi za volti 18 zinafikia newtonmita 50 au 60. Impakti ya volti hizo hizo hupita 150 bila taabu. Namba hiyo ya pili ndiyo inayovunjia watu skrubu.

Basi nikiwa na impakti drili siihitaji tena?

Unaihitaji. Drili ina klachi ya namba namba inayokatiza nguvu skrubu ikifika kiwango ulichoweka, na hushika biti za mviringo za unene mbalimbali. Kwa kutoboa matundu safi, kwa bawaba ndogo za kabati na kwa skrubu laini, drili ndiyo yenyewe. Impakti ni ya skrubu ndefu, mbao ngumu, bati, na kazi ya skrubu nyingi mfululizo. Fundi mwenye zote mbili huweka biti ya kutobolea kwenye drili na biti ya skrubu kwenye impakti, akawa habadilishi kitu kutwa nzima.

Na kama kazi yako yote ni kutundika saa na kioo, bisibisi ya mkono inatosha. Usiuziwe mashine kwa sababu jirani anayo.

Naweza kutobolea ukuta?

Hapana. Watu husikia mapigo wakadhani ni sawa na mashine ya kutobolea zege. Ile hugonga kwenda mbele, hii hugonga kwa kuzunguka. Ukiibana ukutani utachoma biti na kupoteza asubuhi yako.

Kuta zetu za kale zina mambo yake pia. Matumbawe na chokaa si zege. Ukitumia mashine inayogonga, lipu hubanduka kipande kizima na tundu la milimita 8 linakuwa la kuingiza kidole. Tumia drili ya kawaida bila kugonga, biti ya ukutani, kasi ndogo, pumzisha na upulize vumbi. Weka plagi ya plastiki, kisha malizia skrubu kwa bisibisi ya mkono, maana plagi ndani ya chokaa haistahimili impakti hata kwa nusu sekunde. Na kumbuka mji wa kale uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Nyumba ikiwa ya kale, uliza kwanza wanaohusika na uhifadhi kabla hujatoboa chochote, hasa palipo na zidaka na nakshi za lipu.

Siku ya kwanza nianze vipi?

Usianzie kwenye mlango wa mtu. Chukua kipande cha saipresi kisichotakiwa, unene wa inchi mbili, ukibane mezani kwa jiliwa au klampu. Tafuta skrubu kumi za inchi moja na nusu nambari nane (hiyo ni namba ya unene), zote za aina moja, na biti inayozikaa sawasawa.

Kabla ya betri kuingia, jifunze kitufe cha kubadilisha mwelekeo kilicho juu ya triga. Kikisukumwa upande mmoja mashine inakaza, upande wa pili inafungua, na kikiwa katikati triga hufungwa kabisa. Huko katikati ndiko kinakokaa kila unapobadilisha biti au kuiweka mashine chini. Vuta pete, ingiza biti hadi mwisho, achia pete, kisha ivute biti kwa vidole. Ikitoka, haikuingia.

Kama mashine yako ina vitufe vya kasi, weka ya chini kabisa. Sasa simama nyuma ya skrubu, usisimame pembeni yake. Biti, skrubu na kigasha cha mkono vinatakiwa viwe mstari mmoja. Kiganja cha mkono wa pili kinaweza kuwekwa nyuma ya mashine kusaidia kusukuma, mradi kisizibe matundu ya hewa. Bonyeza triga kidogo tu, skrubu izunguke polepole mpaka nyuzi zake zishike mbao. Ikishasimama yenyewe, ongeza.

Katika saipresi laini huenda skrubu ikaingia yote usisikie "tatatata" hata mara moja. Hilo ni sawa, nyundo haikuhitajika. Zikiisha kumi, geuza mwelekeo uzitoe zote, kisha uzirudishe katika matundu yale yale. Kutoa kunafundisha kusukuma: ukilegeza mkono wakati wa kufungua, biti itaruka na kichwa cha skrubu kitaliwa.

Mbona skrubu inazama mpaka ubao unapasuka?

Kwa sababu kidole chako hakijajua kuachia. Anayeanza hubonyeza triga mpaka mwisho kama anayewasha taa, na impakti haina klachi ya kumuokoa.

Triga ni ya viwango: ukiigusa mashine inatambaa, ukiibana inakimbia. Anza polepole, kimbiza katikati, kisha kichwa kikibakisha upana wa kucha kufika kwenye ubao, achia. Malizia kwa kugusa na kuachia, kugusa na kuachia. Kila mguso ni pigo mbili tatu na kichwa kinashuka kidogo. Tazama kichwa cha skrubu, acha kutazama mashine. Ubao unapoanza kubonyea pembeni mwa kichwa, nyuzi ndogo za mbao zikisimama kama manyoya, umeshafika. Pigo moja zaidi litazamisha kichwa, na mawili zaidi yatapasua plaiwudi tabaka la juu.

Sikio nalo husaidia. Mlio hubadilika: kwanza mwembamba wa kuzunguka, halafu mapigo ya mbali mbali, halafu mapigo mazito yanayofuatana. Ukisikia mazito na skrubu haisogei, simama. Kitakachofuata ni kukatika kwa skrubu au kuliwa kwa kichwa.

Biti inaruka na kula vichwa vya skrubu. Nimeuziwa mashine mbovu?

Mara nyingi mashine haina kosa. Angalia biti.

Misalaba ya skrubu si ya aina moja, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Ule wa Phillips ni msalaba mtupu. Ule wa Pozidriv una msalaba huo huo pamoja na vistari vinne vyembamba kati ya mikono yake. Ukivichungulia juani utaviona. Biti ya kwanza imeandikwa PH, ya pili PZ. PH2 itaingia kwenye skrubu ya PZ2 na utadhani imekaa, lakini inacheza, na impakti ikianza kupiga, ule mchezo mdogo unageuka kisagio. Skrubu nyingi za mbao madukani ni PZ2, na zile nyeusi za jipsamu kwa kawaida ni PH2. Nunua biti zote mbili, si ghali. Ukiweza kupata skrubu za nyota yenye ncha sita, zile zinazotaka biti ya T20 au T25, nunua hizo. Haziruki ovyo, na kwa anayejifunza zinaondoa nusu ya hasira.

Pili, biti yenyewe. Tafuta zilizoandikwa kuwa ni za impakti. Shingo yake ni nyembamba kwa makusudi, ili ijisokote kidogo kila pigo. Biti ngumu za kawaida hupasuka ncha. Ncha ikishakuwa ya mviringo na inang'aa, itupe, usiitunze kwa ajili ya kazi ndogo. Biti iliyokwisha ya shilingi chache itakuharibia bawaba ya shaba ya mteja.

Tatu, unasukuma kidogo au unasukuma kimshazari.

Lazima nitoboe tundu kwanza? Si ndiyo kazi ya mashine hii?

Katika saipresi na painu, ukiwa mbali na mwisho wa ubao, unaweza kuingiza moja kwa moja. Karibu na mwisho wa ubao, toboa. Katika mvule, msaji au mbambakofi, toboa kila mahali. Mashine ina nguvu ya kulazimisha skrubu iingie, na hiyo ndiyo hatari yenyewe: ubao hauna pa kwenda, unapasuka, au skrubu inakatika shingo ikiwa imebakisha robo.

Kwa skrubu nambari nane, tundu la milimita 3 katika mbao ngumu linatosha. Katika laini, 2.5. Unapounga mbao mbili, ule wa juu upanue tundu hadi milimita 4.5 ili skrubu ipite bila kushika, nyuzi zing'ate ubao wa chini peke yake. Usipofanya hivyo mbao mbili zitabaki na mwanya katikati, na hata ukikaza hadi betri iishe mwanya hautafunga. Mtu hulaumu mashine, ilhali nyuzi ndizo zinazozitenganisha mbao.

Wajenzi wa majahazi wa Matondoni hawapigi msumari wa jahazi kabla ya kutoboa kwa keke. Kama mikono iliyozoea mkoko na msaji vizazi kwa vizazi haikimbilii nyundo, mwenye impakti ya juzi asione kutoboa ni kupoteza wakati.

Skrubu gani zinafaa huku pwani?

Swali hili lina uzito kuliko la kuchagua mashine, na watu huliuliza mwisho.

Zile nyeusi za jipsamu ni ngumu lakini dhaifu kwa kukatika. Impakti hung'oa vichwa vyake, na nje ya nyumba kutu huzila kabla msimu haujabadilika. Za njano na za fedha zilizopakwa zinki ni za ndani. Kwa milango ya nje, baraza, mapaa ya kulala wageni na chochote kinachopigwa na upepo wa bahari, nunua stenlesi. Kuna daraja la 304, linaloandikwa pia A2, na la 316, yaani A4. Hilo la pili limeongezwa molibdeni na huvumilia chumvi zaidi. Kwa mashua na gati usitafute jingine.

Ila stenlesi ni laini kuliko chuma kilichogumishwa kwa moto. Kwenye mbao ngumu bila tundu, impakti itaikata. Toboa, paka nyuzi sabuni kavu au nta kidogo, nenda kasi ya chini. Na nati ya stenlesi juu ya bolti ya stenlesi usiikimbize kamwe: joto la msuguano huzing'ang'anisha nyuzi, ikafika nusu njia isikaze wala isifunguke. Paka grisi, zungusha kwa spana, mashine ipumzike.

Za shaba za masanduku na milango ya nakshi, weka impakti mbali. Ingiza kwanza skrubu ya chuma ya ukubwa ule ule ili ichonge njia, itoe, kisha weka ya shaba kwa mkono.

Skrubu ya zamani iliyoshika kutu naitoaje?

Chokoa uchafu wote ndani ya kichwa kwa msumari mwembamba mpaka biti ikae chini kabisa. Tia mafuta ya kulainisha kutu, nenda kanywe kahawa, rudi. Weka kasi ya chini, egemeza uzito wa mwili, kisha kwanza kaza kidogo, pigo mbili tatu, ndipo ugeuze kufungua. Kule kukaza kidogo huvunja ganda la kutu. Hapa impakti inaishinda drili kwa mbali, kwa sababu mapigo mafupi hulegeza kilichoganda.

Kichwa kikiliwa, usiendelee kukichimba. Kishike kwa koleo la kujifunga kama kimechomoza, au kitoboe kwa drili, utoe ubao, kisha ushughulikie kishina kilichobaki.

Kuna chombo kingine cha mafundi pikipiki, cha chuma kitupu, unachokipiga kwa nyundo nacho kikazungusha. Wengine hukiita impakti pia. Hicho hakina betri wala si hiki tunachozungumzia.

Na bati?

Hapa inafurahisha. Skrubu za bati zenye ncha ya kujitobolea na raba chini ya kichwa zinataka soketi ya milimita 8 yenye sumaku. Achia raba inapoanza kutanuka pembeni. Ikibonyea hadi kuchomoza nje ya chuma chake, imekatwa, na mvua ya masika itakuonyesha ilipokatwa.

Inafungua nati za gurudumu?

Kwa Amu mjini swali hili ni adimu, lakini wa Mokowe na Mpeketoni, kule bara kwenye magari, huliuliza. Impakti draiva si ya magurudumu. Inayotumika gereji ni dada yake mkubwa, yenye kichwa cha mraba cha nusu inchi.

Mkono wangu ni mwepesi, na mimi ni mwanamke. Nitaiweza?

Dada, utaiweza. Mashine ina uzito wa kilo moja na nusu hivi pamoja na betri ndogo, na kama tulivyosema haisokoti mkono. Kinachotakiwa ni kusukuma kwa mwili, na hilo ni la kusimama vizuri. Panda kitu ukiwa mfupi kuliko kazi, usisukume ukiwa umenyoosha mkono juu ya kichwa.

Mavazi na kinga?

Miwani, kila mara, kwa sababu ncha ya biti ikipasuka hurukia usoni. Kikoi kifungwe juu, mtandio na mikono mipana ya kanzu au buibui viingizwe ndani. Glavu za kitambaa zilizolegea ziache. Kidole kisishike skrubu triga ikiwa imebanwa; tumia kishikio cha sumaku. Na usiweke kiganja nyuma ya ubao mwembamba unaoutoboa. Hili linasikika kama jambo la kitoto hadi siku utakapoona skrubu ya inchi mbili ikitokea upande wa pili wa ubao wa inchi moja.

Masikioni weka vizibo. Impakti ikigonga huzidi desibeli 90, na kwa kazi za kutwa kinga huanza kudaiwa kwenye 85.

Majirani wanalalamika. Nifanyeje?

Wana haki. Kichochoro chenye ukuta huku na huku, na dirisha la jirani liko usawa wa sikio lako. Kazi ya kugonga ifanye asubuhi baada ya watu kuamka, acha wakati wa adhana na sala, acha mchana watu wanapojilaza baada ya chakula. Ubao uliotobolewa vizuri kabla hupunguza mapigo kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo kutoboa kwako ni adabu pia. Na mpe habari jirani mapema. Aliyeambiwa huvumilia.

Volti 12, 18 au 20?

18 na 20 ni kitu kimoja. Ndani mna seli tano za lithiamu, kila moja volti 3.6 kwa kawaida na karibu 4 ikiwa imejaa. Mmoja ameandika jumla ya kawaida, mwingine ameandika ya kujaa. Volti 12 ni nyepesi na inatosha fanicha na kabati. Kwa anayejifunza na hajengi mapaa, ningesema aanze na hiyo. Jambo la kuangalia zaidi ni betri: ukishanunua za kampuni moja umefunga nayo ndoa, maana za nyingine hazitaingia.

Betri niitunzeje kwenye joto na chumvi hii?

Usiiache juani juu ya paa wala ndani ya mashua. Ikitoka kazini na moto wake, iache ipoe kivulini kabla ya kuchaji. Chaja nyingi zitaikataa zenyewe ikiwa na joto. Jioni futa mashine kwa kitambaa kilicholowa maji matamu na kukamuliwa, kausha, na weka tone la mafuta kwenye pete ya biti, maana hapo ndipo chumvi hushika kwanza. Ifungie ndani ya sanduku lenye mfuniko.

Betri iliyodumbukia baharini haichajiwi tena, hata ikikauka na kuonekana nzima. Maji ya chumvi ndani ya lithiamu yanaweza kuwasha moto saa nyingi baadaye. Itoe nje ya nyumba, iweke mbali na mbao na makuti.

Anayesafiri kwa ndege kupitia uwanja wa Manda abebe betri za akiba kwenye mkoba wa mkononi, mashine iende na mizigo. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 5 ni wati-saa 90, chini ya kikomo cha 100.

Nimepata ya mkono wa pili. Nikague nini?

Nenda na biti yako na kipande cha mbao. Ingiza biti na uitikise: kucheza kidogo ni kawaida, kuyumba sana ni fuawe iliyokwisha. Endesha mbele na nyuma, kwa kasi ndogo na kubwa. Triga isiyo na kiwango cha kati imekufa, na wewe unayejifunza ndiwe unayekihitaji zaidi. Ingiza skrubu ndefu moja mpaka igonge. Harufu ya kuungua ikitoka kwenye matundu ya hewa, rudisha kwa mwenyewe. Mwisho chomoa betri uchungulie vibati vya shaba ndani: rangi ya kijani humo ni kutu iliyoletwa na chumvi, na muuzaji apunguze bei au abaki nayo.